Tone la Damascène

Naapa kwa yule aliyenipa ng'ombe kwamba haya nitakayosimulia ni kweli yote, kuanzia neno la kwanza. Wapo watakaosema kwamba Harelimana hajawahi kupewa ng'ombe na mtu yeyote. Hao nawajibu kwamba basi naapa kwa yule atakayenipa. Kiapo ni kiapo hata kikitangulia. Nimeendesha lori kati ya Bukavu na Uvira miaka mingi kuliko barabara yenyewe ilivyostahili, na katika miaka hiyo nimewahi kusimulia mambo ambayo hayakutokea sana. Lile la kiboko aliyenisaidia kusukuma lori, kwa mfano, silitetei tena. Lakini hili la Damascène lilitokea hapa Kamembe, upande wa Rwanda, mchana, mbele ya watu, na wengine mpaka leo wakiniona wanaziba midomo wasicheke.

Damascène ni jirani yangu wa chini. Nyumba zetu zote mbili zinatazama ziwa, na ng'ambo ya ziwa tunaiona Bukavu tulikolelewa, yeye na mimi, kabla ya kurudi kwetu. Kazi yake ilikuwa kuvusha nyanya na vitunguu kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza kila asubuhi, kurudi jioni. Mwenzake wa njia alikuwa Bashige, Mushi, mtu wa kabila la Bashi wa Bukavu, aliyepanga nyumba upande wetu na mkewe Eugénie. Bashige alivusha unga. Wawili hao walitaniana toka mlimani hadi mpakani, na toka mpakani hadi mlimani, mpaka askari wa pale walikuwa wakiwajua kwa kelele kabla hawajatokeza.

Siku moja mvua ya masika iliwakuta wakiteremka. Damascène alitangulia kufika kwenye ghala moja kuukuu la matofali, lililoachwa chini ya ukingo wa mlima, akajibanza barazani. Bati la baraza lilikuwa na tundu. Alipokaa tu, tone likampata shingoni, akasogea pembeni palipokuwa pakavu. Ndipo akamwona Bashige anakuja mbio na gunia la unga kichwani. Sasa, mtu aliyezoea utani afanye nini? Damascène akapapasa pale chini ya tundu, kwa upole kabisa, akasema, "Kuja hapa, papa. Hapa ni pakavu."

Bashige akakaa. Tone likaanguka, likamwingia kwenye kola. Akatazama juu, akamtazama Damascène, akafungua mdomo aseme neno. Wakati huohuo ukingo wa mlima ukashuka nyuma ya ghala, na ukuta ukaanguka upande ule aliokaa Bashige. Damascène hakupata hata mkwaruzo.

Bashige alifariki jioni hospitalini. Hapo sitanii.

Siku ya mazishi Damascène alimwendea Eugénie akamweleza kila kitu, la tundu, la tone, la pakavu. Eugénie alikuwa amechoka kwa kulia. Akamwambia amemsamehe. Aliisamehe mvua, akausamehe mlima, akamsamehe mwenye ghala asiyejulikana, akamsamehe na Damascène, wote kwa pumzi moja, kama mtu anayefunga duka mapema. Damascène akarudi nyumbani akiwa na hali mbaya zaidi kuliko alivyokwenda.

Tangu hapo akaacha kuvuka daraja. Akapanda maharagwe nyuma ya nyumba na kukaa nayo. Tulipokunywa urwagwa, pombe yetu ya ndizi, kwa mirija, kila mtu na mrija wake katika chungu kimoja, yeye alisema tumbo linamsumbua. Tumbo likamsumbua msimu mzima na nusu ya msimu mwingine. Tukajua si tumbo.

Tungemwacha hivyo, maana kila mtu ana haki ya maharagwe yake, kama si Gaju. Gaju ni binti yake wa pekee, fundi wa kushona, mwenye kicheko kama cha marehemu mama yake. Alikuwa amechumbiwa na Bruno, kijana wa Bukavu mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Ukoo wa Bruno ulikuwa umekwisha kununua ng'ombe, kwa sababu Bashi nao wanajua ng'ombe ni nini, na siku ilikuwa imepangwa, Jumamosi baada ya Pasaka. Hapo ndipo Damascène alipomwambia bintiye kwamba hatapokea ng'ombe. Mkono uliomwonyesha Bashige mahali pale, alisema, hauwezi kushika kamba ya baraka.

Nawe unajua, baba asipopokea ng'ombe, binti hajatolewa. Ndugu wa baba angeweza kusimama mahali pake. Lakini Damascène hana ndugu. Waliokuwepo hawapo tena, na hapa kwetu mtu akisema hivyo hatumwulizi zaidi.

Gaju akapanda kwangu. Alikaa kwenye kiti cha marehemu mke wangu, jambo ambalo watu hawalifanyi bila shida kubwa, akasema mchungaji amekwishaongea na baba, mwalimu wa shule amekwishaongea naye, na muuguzi wa kituo cha afya pia, na wote wametoka wakikuna vichwa. "Wewe, Papa Harelimana, umeongea maisha yako yote," akaniambia. "Huo mdomo ufanye kazi ya maana, hata mara moja."

Sikuudhika. Nilivaa kofia nikashuka.

Mchungaji alikuwa amemwambia kwamba Mungu ndiye mwenye uhai na mauti. Damascène akakubali, akasema lakini Mungu hakusema pakavu. Mwalimu alimchorea mlima chini kwa kijiti, akamwonyesha maji yanavyoingia udongoni na udongo unavyolegea, akathibitisha kwamba ukuta ungeanguka hata kama Damascène asingezaliwa. Damascène akakubali tena. Akauliza, Bashige angekuwa amekaa wapi? Muuguzi alisema ni huzuni, akampa vidonge. Damascène alivimeza vyote kwa heshima.

Mimi nikaona hawa wasomi wamezunguka mno. Nikamchukua kwa njia ya lori.

"Damascène," nikasema, "chukulia wewe ni abiria wangu. Nakuambia barabara ya Uvira haina mashimo. Unapanda. Njiani radi inapiga lori. Nimekuua?"

Akafikiri. "Barabara ya Uvira iko na mashimo."

"Najua."

"Sasa juu ya nini uliniambia haina?"

"Nilitaka upande."

"Umeona," akasema, akaendelea kupalilia.

Nilikaa palepale juu ya jiwe nikimtazama. Nikaona kwamba hoja zetu zote zilikuwa sahihi na hazikuwa na mahali pa kumshika, kama mtu anayemwita kwa jina lake halali mbwa asiyejua ana jina. Alichotaka si kuambiwa hana kosa. Kosa alikuwa nalo, dogo, la kweli, na hakuna aliyekubali kulipokea. Kila aliyemfikishia alimwambia hilo si kitu, libebe urudi nalo.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mimi ni umuse wako."

Niwaeleze walio mbali. Katika koo zetu za zamani kuna baadhi, kama Bagesera, ambazo kwa desturi huwafanyia wengine kazi ambazo mwenyewe huwezi kujifanyia. Ukijenga nyumba, mtu wa ukoo ule, umuse wako, ndiye anayekuonyesha uwanja. Ukimaliza matanga, yeye ndiye anayekutoa. Anaweza pia kukutukana mbele ya watu nawe usimjibu, kwa sababu tusi la umuse ni kama dawa ya kuosha. Vijana hawajui mambo haya. Wazee wanayajua, na sisi tuliolelewa Kongo tunayajua nusunusu. Koo zetu tulizibeba kama mizigo iliyofungwa kwa haraka. Ukimwambia mwenzako ndani mna sufuria, ataamini mna sufuria.

Damascène akainua kichwa. "Wewe? Mugesera?"

"Kwa baba na kwa babu," nikasema. Na kwa kuwa uongo mwembamba hukatika, nikaunenepesha. Nikasema babu yangu alionyesha viwanja vya nyumba kutoka Ruhwa mpaka Kibuye, na hakuna hata moja iliyowahi kuvuja. Nikasema yule ndege wa ukoo wetu, inyamanza, anayetikisa mkia, huja dirishani kwangu kila asubuhi kuniuliza hali. Nikaapa. Nadhani niliapa kwa yule ng'ombe.

Akaweka jembe chini. "Basi niambie."

Hapo nikaogopa kidogo, maana sikuwa nimetayarisha la kusema. Lakini mdomo ukiwa umezoea njia hauhitaji dereva.

"Wewe una tamaa," nikamwambia. "Ni mwizi. Umechukua ukuta mzima ambao si wako. Ukuta ni wa mlima, na mlima ni wa mvua, wala hujapewa kitu hapo. Chako ni tone. Kosa lako ni kumkalisha mtu chini ya tone na kumwambia ni pakavu, na kwa hilo hujalipa. Unalilia ukuta usiokuhusu ili usilipe tone linalokuhusu."

Damascène alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtu anayempenda. Akauliza, kwa sauti ndogo, tone linalipwaje.

"Kwa tone," nikasema. "Mvua ya kwanza itakaponyesha, utakwenda kwa Eugénie, utakaa barazani pake chini ya tundu, bila kofia, bila mwavuli. Hutaondoka mpaka mwenye nyumba akutoe."

Akakubali. Akaanza hata kunisindikiza, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba.

Sasa nikabaki na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa Eugénie. Nilimkuta akiosha sahani, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bazee, muko na wakati mingi." Alikwisha kumsamehe, akasema, anataka nini tena? Nikamwambia anataka kulowa. "Alowe kwake," akasema. Nikamtajia Gaju na ng'ombe. Eugénie hana mtoto wa kike, na Gaju ndiye aliyemshonea nguo ya msiba bila kumpima, kwa kukumbuka tu mwili wake. Akakausha mikono akasema vizuri, aje alowe.

Kazi ya pili ilikuwa bati. Baraza la Eugénie lilikuwa zima. Bashige mwenyewe alikuwa ameliezeka upya, na halikuwa na tundu hata la kupitisha sindano. Nikangoja Eugénie avuke kwenda sokoni Bukavu, nikaja na msumari na jiwe, nikapanda juu ya stuli. Aliporudi nilikuwa nimekaa barazani nikimsifu Mungu kwa kutuandalia tundu. Akalitazama tundu, akanitazama mimi. Akasema bati lile lina mwaka mmoja tu. Nikamwambia mabati ya siku hizi hayadumu, na lile lilikuwa likivuja tangu zamani, ila yeye hakuangalia. Akainama, akaokota kitu barazani, akaingia nacho ndani. Ningejua ni nini, ningelala vibaya.

Kisha mvua ikakataa. Masika yote inanyesha mpaka tunaomba ipumzike, lakini siku zile ilikaa ng'ambo, Bukavu, tukiiona kwa macho inavyowanyeshea wenzetu, ikifika katikati ya ziwa inageuka kama mtu aliyesahau kitambulisho mpakani. Bata wa jirani yangu walishuka mlima kwa miguu kwenda kuitafuta. Damascène alikuwa akikaa mlangoni pake na stuli tayari mapajani, na wingu likipita anasimama. Gaju alishona gauni lake nusu akaliacha, kisha akaliendea tena. Ukoo wa Bruno ukatuma kuuliza, ng'ombe aletwe au asiletwe? Gaju akajibu aletwe, akaja kunitazama tu, akaondoka.

Ikaja Alhamisi, mchana, baada ya chakula. Upepo ukageuka, ziwa likawa jeusi, na mvua ikavuka.

Damascène aliteremka na stuli yake, amevaa shati la kanisani. Watu wakamfuata na miavuli, maana habari ilikuwa imeenea. Nadhani ni mimi niliyeieneza. Akaketi chini ya tundu langu. Tone la kwanza likampata katikati ya upara likatulia pale kama limefika nyumbani. La pili likamwingia shingoni. Gaju alisimama mbali, chini ya mti wa parachichi wa jirani, mikono kifuani.

Eugénie alikuwa mlangoni anachambua sambaza kwenye sinia, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Kwa muda alichambua tu. Kisha akasema kwa adabu, "Inatosha, Papa Gaju. Ingia ukunywe chai."

Nikadhani tumemaliza, nikaanza kuwatangazia watu kwamba mwenye nyumba amemtoa. Damascène akatikisa kichwa. "Hajanitoa. Ameniita chai."

Akabaki. Mvua ikaongezeka. Maji yakawa hayahesabiki tena kuwa matone, yakawa uzi mmoja kutoka batini hadi kichwani pake. Watu waliokuwa wakicheka wakaacha. Eugénie naye mikono ikasimama juu ya sinia. Alikuwa akitazama lile tundu, na lile shati lililogandana na mgongo, na nikaona usoni pake kitu ambacho hakikuwepo siku ya mazishi.

"Njo vile ilikuwa?" akauliza. "Ilikuwa inaangukia hapa?"

"Hapa," Damascène akasema, akijigusa shingo.

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Ukamwambia ni pakavu."

"Nilimwambia."

Eugénie akaweka sinia chini. Akasimama, na aliposema hakupiga kelele, ila kila mtu mpaka chini ya parachichi alimsikia. "Ule muntu alikuwa anakuamini. Asubui alikuwa anatoka hapa bila kukunywa chai, juu hakutaka umungojee. Na wewe unamukalisha kwa maji, unamucheka. Uko mubaya, Damascène."

Hakumwita Papa Gaju. Damascène aliinamisha kichwa, maji yakampata kisogoni.

"Mimi nilikusamehe juu bantu banasema tusamehe," Eugénie akaendelea. "Sikukuwa hata na akili ya kukasirika. Leo niko nayo. Ningelikuwa pale ningelikupiga na ile gunia yake. Yeye mwenyewe angelikuambia uko kichwa ya mbuzi. Angelikuambia, kisha angelivuta gunia akuje kukaa karibu yako kwa pakavu, mungelikaa babili. Hakupata wakati. Mimi njo nakuambia. Uko kichwa ya mbuzi."

"Sema tena," Damascène akasema.

Akasema tena. Akasema mara nyingi, akilia, na Damascène akiitikia kila mara, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayepokea mizigo kutoka garini na kuiweka chini mmojammoja. Sijaona watu wawili wakikubaliana hivyo. Hakuna aliyecheka wala aliyeondoka. Hata mimi, na hili ni la kweli kuliko mengine, nilivua kofia.

Mwishoni Eugénie alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Sasa toka hapo," akasema. "Unanijazia baraza maji."

Damascène akatoka. Akaingia, akanywa chai, vikombe viwili, akala na mkate wa watu wengine.

Hapo hadithi ingeisha vizuri na mimi ningebaki na sifa zangu. Lakini ilibaki Jumamosi.

Ng'ombe aliletwa, mweusi mwenye pembe ndefu, akasifiwa na msifu aliyekodiwa mpaka mimi mwenyewe nikaona haya kwa niaba ya ng'ombe wengine wote. Ukoo wa Bruno ukasema maneno yao. Damascène akasimama, amevaa mgolole wake mweupe, akashika kamba. Gaju akawa amejificha ndani kama desturi inavyotaka, ila pazia lilikuwa linatikisika. Kila kitu kilikuwa kizuri, mpaka Damascène alipotaka kushukuru watu. Akamshukuru Eugénie kwanza. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika nyuma kabisa, kwamba anamshukuru umuse wake, Mzee Harelimana, Mugesera mtoto wa Mugesera.

Nikainuka nusu kupokea makofi. Ndipo sauti ikatoka kati ya wanawake: "Mugesera gani?"

Dada yangu mkubwa Mukandori anaishi Gitambi, analima ndizi na mpunga. Ni mbali, ana magoti mabaya, na nilikuwa na hakika hatakuja. Nilisahau kwamba Mukandori hawezi kukosa harusi yenye ng'ombe.

"Huyu ni Musindi," akasema. "Baba yetu Musindi, babu yetu Musindi. Huyu akizaliwa mimi ndiye niliyemshikia taa mkunga. Umugesera wake ameupata wapi? Ameuokota?"

Nikasema labda ni upande wa mama. Mukandori akasema mama alikuwa Mwega, na nisimtaje mama mbele ya watu nikiwa katika hali hiyo.

Ng'ombe alikuwa anatafuna, basi. Upande wa Bruno walinong'onezana kuulizana umuse ni kitu gani. Mimi nilikuwa natazama mkono mmoja tu, ule wa Damascène ulioshika kamba, kwa sababu ulikuwa umelegea. Pazia nalo liliacha kutikisika.

"Kwa hiyo hukuwa na ruhusa ya kuniosha," Damascène akaniambia.

"Sikuwa nayo."

"Wala ya kunitukana."

"Wala hiyo."

Akasimama hapo akifikiri, na mimi namjua Damascène akifikiri. Nilijua anarudi kule kwenye maharagwe, hatua kwa hatua, na kwamba hakuna hoja duniani itakayomwahi njiani. Akageuza macho kwa Eugénie.

Eugénie alikuwa amekaa safu ya mbele na mtoto wa watu mapajani. Hakuinuka. "Mimi sikumwomba huyu ruhusa," akasema. "Ile nilikuambia, nilikuambia mimi. Na kama unataka, nitarudilia."

"Hapana," Damascène akasema. "Niliisikia."

Akaizungusha kamba mara moja zaidi kwenye mkono wake, akaikaza. Wanawake wakapiga vigelegele, pazia likafunguka kabla ya wakati wake, na Gaju akachungulia nje akilia na kucheka pamoja, mpaka shangazi wa Bruno akamrudisha ndani.

Mimi nikaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea uani. Nilikuwa nimebakiza hatua chache nilipomsikia Eugénie tena.

"Ngoja kidogo. Kama umuse ilikuwa ya uongo, bati yangu nayo ilitobolewa na nani?"

Nikasema mabati ya siku hizi. Eugénie akawaeleza watu, bila haraka, kwamba bati linapoliwa na kutu tundu huwa na kingo za kahawia, lakini tundu lake lina kingo zinazong'aa, zimesukumwa kutoka chini kwenda juu, na kwamba siku ileile aliokota barazani msumari uliopinda na jiwe lisilo la pale. Alikuwa amenyamaza kwa ajili ya Gaju. Sasa Gaju ameolewa.

Mukandori aliwekwa kuwa hakimu, au alijiweka, sikumbuki. Kwetu mwenye kosa hutoa icyiru, faini ya kuomba radhi, nayo huwa pombe, na hunywewa na wote pamoja na mkosaji, ili isionekane kama kisasi. Akanihukumu nilete urwagwa wa kutosha harusi nzima, niumimine mwenyewe, nionje kila chungu mbele ya watu. Akaongeza kwamba mpaka Noeli nisifungue mdomo kusimulia hadithi yoyote barazani kwa mtu. Kuhusu kuandika hakusema kitu, ndiyo maana unasoma.

Nikaenda, nikaja na bidoni za urwagwa kwenye baiskeli, nikisukuma kupanda mlima na suti yangu ya pekee. Nikamimina. Nilipofika kwa wazee, Damascène alichagua mrija, akaupima kwa jicho, akauingiza katika chungu kile kile cha wenzake. Alivuta kwa muda mrefu. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, akapapasa mahali palipobaki, akaniambia nikae.

Nilipatazama kwanza, na juu yake pia. Wakacheka wote, naye akacheka kuliko wote, nikakaa.

Sikuwa nimekaa hata vizuri Eugénie akasimama mbele yangu. "Na bati yangu, Papa Harelimana?"

Nikamwambia kesho.

"Kesho ni ya Mungu," akasema. "Leo."

Nikavua koti nikamwachia Damascène alishike, nikashuka mjini kutafuta bati, Jumamosi jioni, wenye maduka wakiwa wanafunga.